Wapenda nyasi pori wa Tabora na Kigoma tukutane hapa: namba 14 imenishinda

#1 Mtoto wa Urambo

Wakuu, mwangaluka. Wa Kigoma, mwakeye.

Najua kuna watakaocheka. Wenzangu wanafungua nyuzi za magari na za mechi, mimi naleta nyasi. Tangu mvua za Novemba nimekuwa nakusanya nyasi za huku kwetu Urambo, kila aina shina moja lenye mizizi na shuke lake, na kila moja naipa namba. Nazikausha ndani ya magazeti ya zamani chini ya matofali manne ya kuchoma. Zilizo ndefu nazikunja kama herufi N ili zienee kwenye ukurasa. Magazeti nabadilisha kila siku kwa wiki ya kwanza, na hilo sikulijua kwa kusoma. Mwezi wa pili nilifanya uvivu siku tatu tu, nikakuta namba 6 na namba 7 zimeota ukungu wa kijivu. Nikatupa zote mbili.

Kilichonivuta ni kitu kidogo sana. Mwaka jana mwezi wa tano nilienda porini na baba kuangalia mizinga, nikarudi soksi zimejaa vile vijimkuki vyeusi ambavyo kila mtu wa huku anavilaani. Nikachomoa kimoja nikakiweka kiganjani. Kina ncha kali kama sindano, juu ya ncha kuna vinywele vya kahawia vimelala kuelekea nyuma, halafu mkia mrefu uliosokotwa kama kamba ya katani. Kiganja changu kilikuwa na jasho. Basi kile kitu kikaanza kuzunguka. Chenyewe! Nikakitemea mate kidogo, kikaongeza mwendo, mkia unasokotoka huku unanichapa kidole. Nilikaa chini ya mninga pale mpaka baba akaniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Mbegu ikianguka, unyevu unaulegeza ule msokoto, jua linaukaza tena, na kila mzunguko unaisukuma ncha ndani ya udongo. Vile vinywele vinazuia isirudi. Mbegu inajipanda yenyewe kama mtu anayekaza parafujo. Jina lake la kitaalamu ni Heteropogon contortus, na hilo la pili maana yake ni iliyosokotwa.

Nyingi nimezitambua. Ukoka, huo hauhitaji mtaalamu. Themeda triandra, ambayo ikikomaa inageuza mbuga nzima rangi ya kutu. Melinis repens, ile yenye shuke la manyoya ya waridi kwenye tuta la reli, ukiipita saa kumi na mbili jioni jua likiwa nyuma yake utadhani kuna mtu amemwaga moshi wa pinki.

Sasa namba 14. Imeota pembeni ya jaruba la mama, ukingoni mwa mfereji. Inanifika kidevuni. Jani kama la mpunga, shuke kama la mpunga, punje kama za mpunga ila zina ndevu ndefu nyekundu, na ukizigusa tu zinapukutika. Mama anasema ni mpunga ulioasi. Mimi naona siyo. Niliivuta, mizizi ni ya kawaida tu, hakuna kinachotambaa. Ni nini hii?

#2 Kaka wa Tumbaku

Mkuu, watu wanahangaika na bei ya tumbaku wewe unakausha magugu kwenye magazeti? Piga dawa, yafe, lala.

#3 Mwisho wa Reli

Picha mkuu! Uzi wa majani bila picha ni kama mgebuka bila ugali.

#4 Mtoto wa Urambo

@Mwisho wa Reli kamera ya simu yangu ina ufa, kila picha inatoka kama imepigwa chini ya maji. Niulizeni nitawaelezea, shamba liko dakika kumi tu.

@Kaka wa Tumbaku, leo umekula nini? Kama ni ugali wa mahindi, umekula nyasi. Mtama ni nyasi, ulezi nyasi, mpunga, ngano, muwa kwenye chai yako, mianzi ya kitanda cha bibi, vyote ukoo mmoja. Na ile nyasi ngumu ya njiani ambayo ukiivuta unaanguka wewe, yenye vidole vinne vitano juu, ni ndugu wa karibu wa ulezi. Ulezi ni Eleusine coracana, hiyo ni Eleusine indica. Ziweke mkononi uone, moja imenenepa tu.

#5 Fundi Paa

Hapa nimesogea na kigoda changu. Mimi ni mwezekaji, Kaliua. Kazi zimepungua, kila mtu anataka bati, lakini wenye vibanda vya wageni na majiko ya nje bado wananiita.

Nyasi za kuezekea watu wanadhani ni yoyote iliyo ndefu. Kosa. Ninayoitaka mimi ina shina gumu lisilopinda, na juu masuke yake yanakaa mawili mawili kama mtu ameonyesha vidole viwili. Ukiikata mapema ina majimaji, mchwa na kuvu vinaifurahia. Mimi nakata kuanzia mwezi wa sita, mbegu zimeshadondoka, shina linalia ukilipiga. Halafu unaichambua, unavua majani ya chini yote, kwa sababu jani ndilo linalokaa na maji, shina linayaachia. Paa likivuja, mara nyingi fundi alikuwa mvivu wa kuchambua.

Namba 14 yako siijui. Ila nina swali. Kuna ingine inafanana kabisa na ya kuezekea, vidole viwili vilevile, lakini ng'ombe wanaipita na ikiwa mbichi ina harufu. Ni nini?

#6 Bi Mbegu

Habari zenu vijana. Nilifundisha baiolojia Kasulu miaka mingi, sasa nimestaafu, nalima maharage na kusoma nyuzi.

Fundi, ya kwanza inaelekea ni Hyparrhenia, na huku ya kuezekea sana ni Hyparrhenia rufa. Imesafiri hadi Brazil, kule wanaiita jaraguá na ng'ombe wanalishwa. Ya pili, ponda jani lake ulinuse. Kama ni harufu ya malimau, hiyo ni Cymbopogon, ndugu wa mchaichai unaouweka kwenye chai. Ndiyo, mchaichai nao ni nyasi. Pua ni chombo cha kazi, msidharau.

Mtoto wa Urambo, umenieleza shuke vizuri lakini hujanipa kiulimi. Chukua jani pale linapoachana na shina. Sehemu ya chini inayolifunika shina kama ala ya kisu inaitwa ala, na ndivyo ilivyo. Livute jani polepole lirudi nyuma, uangalie kwa ndani pale kwenye kona. Kuna kiwambo chembamba kimesimama, hicho ndicho kiulimi. Nyasi nyingine kiulimi chao ni ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, nyingine ni mstari wa vinywele tu, nyingine hakuna kabisa. Shuke lina msimu wake, ila kiulimi utakikuta hata mmea ukiwa mtoto. Wanafunzi wangu niliwaambia, mkikutana na nyasi msiyoijua, mwambieni atoe ulimi.

#7 Kijana Kibondo

Shikamoo mwalimu. Mimi nadhani ni ile nyasi inayojificha kwenye mpunga, Echinochloa. Ikiwa changa huwezi kuitofautisha, unaipalilia kwa heshima zote, mpaka inachanua ndiyo unajua umelea mtoto wa jirani.

#8 Bi Mbegu

Marahaba. Unaweza kuitofautisha, mwanangu, na ikiwa changa. Echinochloa colona ya majarubani haina kiulimi. Mpunga unacho, kirefu, tena una vijisikio viwili vyenye manyoya pale kwenye kona. Ukiwa unapalilia miche, vuta jani moja tu. Kona tupu, ng'oa. Na kwa namba 14 hatuna haja hata ya kufika huko, Echinochloa haina punje kubwa kama za mpunga.

#9 Mvuvi wa Malagarasi

Wakuu na mimi nichangie za huku Uvinza. Nyasi kubwa kuliko zote ni mafunjo, yanazidi urefu wa mtu mara mbili. Na ndago je? Hiyo nayo iwekwe, imenimalizia bustani.

#10 Mtoto wa Urambo

@Mvuvi wa Malagarasi samahani mkuu, zote mbili si nyasi. Kata shina la ndago kwa wembe uangalie lile kovu. Ni pembetatu, na ndani limejaa. Mafunjo vilevile, lizungushe kati ya vidole utasikia kona tatu. Nyasi shina lake ni mviringo, lina vifundo, na kati ya vifundo mara nyingi ni wazi kama mrija. Na majani ya nyasi yanapangana safu mbili, ya ndago safu tatu.

Huko kwenu nyasi halisi ni matete. Linganisha siku moja ukiwa kwenye mtumbwi, tete lina pingili kama muwa, funjo halina hata kifundo kimoja kutoka majini hadi kwenye lile shungi.

#11 Mvuvi wa Malagarasi

Miaka yote hii! Kesho nakata vyote viwili. Kwa wasiojua, ardhi oevu yetu ya Malagarasi na Muyovozi ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu za dunia, mwaka 2000. Nzohe, wale swala wa kinamasi, wanajificha humohumo kwenye mafunjo, unasikia maji yanachapwa tu, mnyama humwoni.

#12 Mwisho wa Reli

Nami niseme la Kigoma. Kuzichambua nyasi hamjaanza nyinyi, sokwemtu wa Gombe wamewatangulia. Novemba 1960 Jane Goodall, akiwa na miezi michache tu pale, alimwona sokwemtu aliyemwita David Greybeard akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, anasubiri, analichomoa limejaa mchwa waliolishika kwa meno, anapitisha mdomoni. Hadi wakati ule wataalamu walikuwa wakisema binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana.

Na siyo bua lolote. Likiwa laini linapinda kwenye tundu, likiwa nene haliingii. Ncha ikilegea anaing'ata aitoe, au analigeuza atumie upande wa pili. Fundi Paa, huyo angekufaa kwenye kuchambua.

#13 Mtoto wa Urambo

Nimerudi shambani. Mwalimu, nimemwambia atoe ulimi, na ulimi upo! Nimepima kwa rula ya mdogo wangu, milimita 28, mweupe, umechongoka kama ncha ya mkuki. Nilikuwa nalima pale tangu mtoto na sijawahi kuuona.

#14 Bi Mbegu

Vizuri. Tunakaribia. Kwenye mbuga zetu kuna mpunga mwitu wa aina zaidi ya moja. Oryza barthii unaishi msimu mmoja, na kiulimi chake ni kifupi, kimeviringika juu. Huo wako kiulimi kimekataa. Tunabaki na wawili, mpunga wa kawaida ulioasi kama anavyosema mama yako, au Oryza longistaminata, mpunga mwitu unaoishi miaka. Kwa kiulimi hao wawili hawaachani vizuri, vyote ni virefu. Kinachowaachanisha ni chini. Longistaminata ana shina linalotambaa ndani ya udongo, mpunga wa shamba hana. Na wewe umesema hakuna. Basi mama yako ameshinda.

#15 Kaka wa Tumbaku

Mama hoyeee. Nilisema mimi.

#16 Mtoto wa Urambo

Wewe ulisema nipige dawa.

#17 Mzee wa Ngitili

Amani kwenu. Niko Nzega, mfugaji. Nimewasoma kimya tangu juzi.

Kijana, ulichimba au ulivuta?

#18 Mtoto wa Urambo

Shikamoo mzee. Nilivuta.

#19 Mzee wa Ngitili

Marahaba. Nenda na jembe.

Wakati anachimba niwaambie jambo la Themeda aliyoitaja mwanzo. Sisi tunatunza ngitili, ndiyo malisho ya akiba, tunayafunga mvua zikianza, hakuna kuingiza mnyama mpaka kiangazi kimekaza. Hakuna senyenge, ni makubaliano. Zilikuwa zinapotea, mpaka mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza kule Shinyanga mwaka 1986 watu wakazirudia. Mimi ngitili ya mtu siipimi kwa urefu wa nyasi. Naangalia ile nyekundu kama ipo. Themeda haivumilii kulishwa bila kupumzika, ndiyo inayoondoka kwanza. Ukiona imebaki ile ya mashina magumu yaliyobana kama fagio, Sporobolus pyramidalis mnaiita huko kwenu, ambayo ng'ombe anaionja na kuiacha, jua mwenye ngitili amekuwa akifungua usiku.

Na moto. Vijana wanauliza kwa nini nyasi zikiungua zinarudi na mti mchanga unakufa. Mti unakulia kwenye ncha, nyasi inakulia chini kwenye kitako, karibu na udongo. Moto unapita juu na ng'ombe anakata juu, kiwanda kiko chini. Lakini moto wa mwezi wa tisa si sawa na wa mwezi wa sita. Wa mwezi wa tisa unakuta kila kitu kikavu, unashuka hadi kwenye kitako.

#20 Fundi Paa

Mzee heshima yako. Hilo la kufungua usiku nimelicheka mpaka mke wangu amekuja kuangalia.

#21 Mtoto wa Urambo

Wakuu. Wakuu!

Nimechimba. Nilianza sentimita kama thelathini kutoka kwenye shina, nikateremka taratibu, udongo wa mbuga mnaujua, mweusi, ukiwa na maji unanata kama ugali mbichi. Nikakuta kitu cheupe, unene wa penseli, kina vifundo kila baada ya inchi moja hivi, na kila kifundo kina gamba la kahawia. Nikakifuata kwa vidole. Kimepita chini ya tuta la jaruba, kimetokea upande wa pili, na pale kilipotokea kuna mmea mwingine ambao siku zote nilidhani ni jirani tu. Ni yuleyule! Nilipovuta mara ya kwanza kilikatikia pale kinapounganika na shina, nikabaki na mizizi midogo mkononi nikawatangazia hakuna kitu.

Halafu nikakaa mpaka saa tano vishuke vikafunguka. Nyasi nyingi nilizonazo zina vifuko vitatu vya chavua vinavyoning'inia. Hii nimehesabu sita, virefu, vya njano. Na masuke yaliyokomaa nimeyaminya, mengi ni mapepe, punje iliyojaa ni ya kutafuta.

#22 Bi Mbegu

Mzee wa Ngitili, nakuvulia kitenge cha kichwani. Miaka yote darasani nilikuwa nasema ng'oeni mmea na mizizi yake. Nilipaswa kusema chimbeni.

Ni Oryza longistaminata, na huo ulioshika si mzizi bali ni shina la chini, ndiyo maana lina vifundo. Vifuko sita ni alama ya mpunga wote. Na urefu wake ndio umeipa jina, longistaminata ni yenye stameni ndefu, yaani vifuko vya chavua na vijiti vyake. Mapepe nayo yana sababu, mmea huu hupendelea chavua ya mwenzake kuliko yake, na kama mashina yote ya mfereji wako yameunganika chini, mwenzake hayupo.

Msimdharau. Jeni ya Xa21, inayoupa mpunga kinga dhidi ya mnyauko wa bakteria kwenye majani, ilitoka kwenye mpunga mwitu huu, kwenye mmea uliokusanywa Mali. Na watafiti wa Yunnan, China, waliuzalisha na mpunga wa kawaida wakapata aina ya mpunga iitwayo PR23, iliyotolewa mwaka 2018. Unapanda mara moja unavuna hadi miaka minne, kwa sababu ya hilohilo shina la chini ulilolifuata kwa vidole.

#23 Kijana Kibondo

Sasa mama afanye nini? Maana kwake hiyo si jeni, ni gugu.

#24 Mzee wa Ngitili

Kwanza asipitishe plau sasa hivi wakati udongo una maji. Kila kipande chenye kifundo kitaota, atakuwa amepanda. Asubiri kiangazi, mwezi wa nane, alime kwa kina, mashina yaje juu, jua liyakaushe wiki kadhaa. Halafu ayakusanye ayachome. Na mbegu zisiachwe zipukutike jarubani.

#25 Mtoto wa Urambo

Nimemsomea mama uzi wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo si mpunga ulioasi. Ni mpunga ambao haukuwahi kutii." Kiangazi tunalima. Nimemwomba aniachie kichaka kimoja ng'ambo ya mfereji. Amekubali, ila kikivuka maji ataking'oa pamoja na mimi.

Namba 14 nimeikausha upya, safari hii na kipande cha shina la chini. Kwenye karatasi yake nimeandika tarehe, Urambo, ukingo wa mfereji, udongo mweusi, urefu mita moja na nusu, kiulimi milimita 28. Ile ya kwanza iliyokatika nimeibakiza kwenye gazeti lilelile.

#26 Kaka wa Tumbaku

Mkuu samahani kidogo. Kuna nyasi kwenye kitalu changu cha tumbaku, imezunguka tuta zima. Nimevuta jani nikaangalia, kiulimi ni mstari wa vinywele tu, vyeupe. Mizizi ya kawaida. Ni nini hiyo?

#27 Mtoto wa Urambo

Ulichimba au ulivuta?